Biblia ya Maandishi Makubwa na Miwani ya Sokoni: Tathmini ya Fundi Cherehani wa Ilomba

Kwa karibu miaka mitatu, binti yangu wa mwisho ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Alitunga sindano nne au tano kwa mpigo na kuzichomeka kwenye mto wa pini ili nisikwame mchana. Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 47, kibanda changu kiko Ilomba hapa jijini Mbeya, na msaada huo wa mtoto niliuona kuwa jambo la kawaida la nyumbani, kama vile kutumwa chumvi dukani. Katika miaka hiyo hiyo mitatu nilikuwa nikijilaumu kwamba nimepoa kiroho, kwa sababu kila nilipofungua Biblia sikuvuka mstari wa sita kabla kichwa hakijaanza kuuma na usingizi haujanichukua. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Ninaandika tathmini hii kuhusu vitu viwili nilivyovinunua baada ya hatimaye kuyaweka pamoja: Biblia ya Kiswahili ya maandishi makubwa, yenye tafsiri ile ile ya Muungano ya mwaka 1952 tuliyoizoea makanisani, na miwani ya kusomea inayouzwa sokoni ikiwa tayari imetengenezwa. Nimevitumia kwa miezi saba. Ninawaandikia hasa akina mama wenzangu waliovuka miaka arobaini, ambao wakiulizwa kwa nini hawasomi Neno kila siku hutaja kazi, wageni, watoto na uchovu, kisha huinamisha vichwa kana kwamba wamekiri kosa. Sababu hizo ni za kweli, nami ninazo zote. Lakini kwangu mimi zilikuwa zimefunika sababu nyingine ambayo hakuna semina ya wanawake niliyohudhuria iliyowahi kuitaja.

Aliyeitaja ni muuguzi kijana wa macho. Nilikuwa nimempeleka mama mkwe wangu kliniki, na wakati tunasubiri nilishika kadi yake nikiwa nimeinyoosha mbali kwa urefu wa mkono mzima ili niisome. Yule kijana alinitazama, akacheka kwa adabu, akaniambia, "Mama, mkono wako umekuwa mfupi." Kisha akanieleza kwamba lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, hata ishindwe kujikunja vizuri ili kuona kitu cha karibu, kwamba hali hiyo huanza kujitokeza miaka ya arobaini kwa karibu kila binadamu, kwamba si ugonjwa, wala haizuiliwi kwa kula karoti, na dawa yake ni miwani. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu na furaha kwa pamoja.

Nianze na Biblia, kwa kuwa ndiyo iliyonigharimu zaidi. Ile niliyokuwa nikiitumia ni Biblia ya zipu, ndogo, ya kutia kwenye mkoba, niliyopewa siku ya harusi yangu. Herufi zake ni ndogo kuliko zile za maelezo ya dawa yanayofichwa ndani ya boksi. Ya maandishi makubwa niliipata katika duka la vitabu vya dini hapa mjini kwa shilingi 48,000, na hapo nina lalamiko langu la kwanza. Vitabu vyote vilikuwa vimefungwa kwa nailoni, na muuzaji hakukubali kunifungulia hata kimoja nione herufi zake. Mtu anayenunua maandishi makubwa ananunua herufi, si jalada. Kumnyima kuziona ni sawa na mimi kumkataza mteja asiguse kitambaa. Nililipa kwa imani, na nashukuru imani haikuniangusha, lakini ningependa wauzaji waweke nakala moja ya kufunguliwa na kila mteja.

Herufi zenyewe ni nzuri. Zimekolea wino, zina nafasi ya kutosha kati ya mstari na mstari, na namba za aya zimewekwa wazi, hivyo jicho halipotei linapohama kutoka mwisho wa mstari mmoja kwenda mwanzo wa mwingine. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likinichosha zaidi katika ile ya zipu: nilikuwa nikisoma mstari mmoja mara mbili, au nikiruka mmoja bila kujua, kisha nashangaa kwa nini mtume Paulo haeleweki. Karatasi ni nyembamba, kama ilivyo kwa Biblia zote, na kwenye mwanga wa dirisha maandishi ya upande wa pili huonekana kama kivuli. Nimezoea kuweka karatasi nyeusi ya kukatia paterni chini ya ukurasa ninaousoma, na kivuli kinatoweka.

Kwa kuwa kazi yangu ni kushona, kitu cha kwanza nilichokikagua baada ya kuondoa nailoni ni mshono. Wengi hawajui kwamba kitabu nacho hushonwa. Ukikifungua katikati ya fungu la kurasa utaona uzi umepita kwenye mkunjo. Usipouona uzi, basi kurasa zimeshikiliwa na gundi peke yake, na Biblia inayofunguliwa kila siku kwa gundi tupu itaanza kutema kurasa mapema. Hii yangu imeshonwa, na baada ya miezi saba hakuna ukurasa uliolegea. Jalada ndilo dhaifu. Ni la plastiki iliyotengenezwa ifanane na ngozi, na limeanza kupasuka pale mgongo unapokunjika, kwa hiyo nimelishonea kava ya kitenge yenye pamba ndani. Utepe wa kuwekea alama nao ulianza kufumuka wiki ya pili. Niliuunguza ncha kwa kiberiti kama tunavyofanya kwa utepe wowote wa nailoni, ukatulia.

Kasoro yake kubwa ni uzito. Niliipeleka kwa jirani yangu muuza mchele, akaiweka kwenye mizani, ikaonyesha kilo moja na robo tatu. Anayeishi kwenye nyumba iliyo kando ya lami anaweza kucheka, lakini anayepanda na kushuka vilima vya mji huu kwa miguu mwezi Machi, mkono mmoja mwavuli na mwingine umeshika sketi isiguse matope, hawezi kuongeza mzigo kama huo. Biblia hii si ya kwenda nayo jumuiya. Ni ya kukaa nyumbani, nami nimekubali hivyo.

Kukaa huko nyumbani kumeleta faida ambayo sikuitarajia. Kwa kuwa haiingii kwenye mkoba wala kwenye droo, inalala juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, imefunguliwa pale nilipoishia, imefunikwa kitambaa cheupe kuizuia vumbi. Zamani kusoma kulianza kwa kutafuta: Biblia iko wapi, nani ameihamisha, zipu imekwama, tuliishia wapi. Katika kutafuta huko mteja hubisha hodi, na siku imekwisha. Sasa ninafunua kitambaa na aya iko mbele yangu. Nikipata dakika kumi kati ya mteja wa sketi na mteja wa sare za shule, dakika zote kumi ni za kusoma.

Kitu kingine kilichobadilika ni saa. Tulifundishwa, na bado tunafundishwa, kwamba mwanamke mcha Mungu huamka saa kumi alfajiri akasoma Neno kabla nyumba haijaamka. Sitaki kulipinga fundisho hilo, maana wapo linalowafaa, ila nimeanza kushuku kwamba waliolianzisha walikuwa na macho ya miaka ishirini na mitano. Jicho lililozeeka linahitaji mwanga mwingi zaidi kuliko la kijana. Hapa Mbeya mwezi Juni jua huchomoza karibu saa moja kamili asubuhi, baridi ni ya kukunja vidole, na balbu yangu ya sebuleni ni ile inayotoa mwanga wa kutosha kumtambua mgeni tu. Siku luku, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiwa imekwisha, unabaki na mshumaa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiamka katika giza hilo na herufi za zipu, nikishindwa, nikirudi kulala nimeomba toba. Sasa alfajiri ninaomba, jambo lisilohitaji macho, na kusoma nimekuhamishia saa nne asubuhi, kwenye dirisha la kibanda, jua likiwa limesimama vizuri.

Miwani ni hadithi fupi zaidi lakini pengine yenye manufaa zaidi, kwa sababu bei yake ni ya kila mtu. Niliinunua soko la Mwanjelwa kwa shilingi 5,000 kwa kijana anayeipanga kwenye ubao wa sponji, kila jozi ikiwa na kibandiko cha namba ya nguvu ya lenzi: +1.00, +1.50, +2.00, na kuendelea. Kijana yule hupima kwa kukupa kipande cha gazeti. Nashauri usipokee gazeti lake. Nenda na Biblia yako mwenyewe, ile yenye herufi ndogo, na uishike umbali ule unaoshika unaposoma nyumbani, kwangu ni kama sentimita arobaini, ambao pia ndio umbali wa sindano ya cherehani. Anza na namba ndogo ukipanda. Pale herufi zinapotulia bila wewe kukunja uso, simama hapo, hata kama namba ya juu yake inaonyesha herufi kubwa zaidi. Mimi nilitaka +2.50 kwa tamaa, nikaishia +2.00, na nimeona ni sahihi.

Kasoro zake ni nyingi na ni za bei yake. Vibandiko haviaminiki sana: nilijaribu jozi mbili zenye namba moja na zikatofautiana waziwazi. Skrubu za mikono hulegea. Nimekwisha kuipoteza moja na kuifunga kwa uzi mweusi. Lenzi hukwaruzika haraka ukiifutia ncha ya kanga yenye vumbi. Tena lenzi zote mbili zina nguvu sawa, na wapo watu wengi ambao jicho la kulia na la kushoto hayalingani, nao hawatatosheka na miwani hii hata wajaribu ubao mzima. Usitembee ukiwa umeivaa, kwa kuwa ngazi huonekana zimesogea.

Na zaidi ya hayo yote, miwani ya sokoni haitibu jicho. Katika kikundi chetu cha akina mama, kinachokutana Alhamisi kusoma Neno, kuna mama mmoja aliyejaribu kila namba bila kuona nafuu. Tulimsihi aende Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na huko akaambiwa ana mtoto wa jicho. Ningekuwa na uwezo ningemtaka kila mama aanze na kipimo cha kliniki kabla ya kufika Mwanjelwa, kwa sababu presha ya macho hula uwezo wa kuona polepole bila maumivu, na ubao wa sponji hauwezi kukwambia hilo.

Simu nayo niijadili, maana vijana wataniuliza. Programu za Biblia za bure zipo, YouVersion ikiwa mojawapo, na ukishapakua tafsiri ya Kiswahili inasomeka bila kifurushi, tena herufi unazikuza upendavyo bila kununua chochote. Nimeitumia nikiwa safarini kwenda Tukuyu na ilinifaa. Kibandani haikunifaa, kwa sababu simu yangu ndiyo duka langu: nikiwa katikati ya sura ujumbe wa mteja unaingia, na mimi si malaika.

Kuna jambo la kanisa letu ninalopaswa kulisema kwa uangalifu. Sisi Wamoravian tuna desturi ya zamani ya neno la siku, yaani mistari michache ya Biblia iliyopangwa kwa kila siku, iliyoanza Herrnhut huko Ujerumani mwaka 1728, na kitabu chake cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika desturi hiyo. Ni desturi ninayoipenda, na katika miaka yangu mibaya ndiyo iliyonibakiza, kwa kuwa hata macho mabovu yanaweza kuhimili mistari miwili. Lakini pia ilinificha. Niliweza kusema kwa unyofu kwamba ninasoma Neno kila siku, na kumbe nilikuwa sijamaliza kitabu hata kimoja cha Biblia tangu nilipojifungua huyo binti wa mwisho.

Sasa ninaandika hesabu yangu kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja. Katika miezi saba nimemaliza Mwanzo, Kutoka, Ruthu, Samweli wa Kwanza, Luka na Matendo ya Mitume, jumla sura 177. Biblia nzima ina sura 1,189, kwa hiyo kwa mwendo huu nitahitaji karibu miaka minne, na wale wanaofuata mpango wa mwaka mmoja, yaani sura tatu au nne kwa siku, wataniona mzembe. Na waone hivyo. Siku nilizokosa zimo daftarini pia, nyingi zikiwa za Januari, msimu wa sare za shule, ambapo hata kula ninakula nimesimama.

Katika kusoma huko nilikutana na watu ambao sikuwahi kuwatazama. Isaka alishindwa kumtambua mwanawe kwa sababu macho yake yalikuwa yamefifia. Kuhani Eli alikuwa haoni tena vizuri usiku ule mtoto Samweli alipoitwa. Biblia inamkemea Eli kwa mambo mengine, na kwa ukali, lakini sikuona mahali ilipomkemea kwa macho yake. Nilifunga kitabu nikacheka peke yangu, maana mimi nilikuwa nimejikemea miaka mitatu.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi: waliopewa miwani ya kuonea karibu waliwapita wenzao wasiopewa katika uzalishaji kwa takriban asilimia 22. Niliwasomea habari hiyo akina mama wa kikundi chetu, ambao baadhi yao wamekulia kwenye chai kule Rungwe, na mmoja akauliza swali ambalo bado linanisumbua: kama jani la chai, lenye upana wa vidole viwili, linampotea mtu kiasi hicho, je, herufi? Tangu siku hiyo nimeacha kuamini visingizio tunavyopeana siku ya Alhamisi. Mwongozaji akiomba msomaji, sisi watu wazima husema tumesahau miwani nyumbani, ilhali wengi hatuna. Au sauti imekauka. Au tunamsukumia msichana wa kwaya, naye anasoma vizuri kila wiki, na sisi tunaitikia amina bila kufungua kitabu.

Kwa mwenye fedha ya kitu kimoja tu, ushauri wangu ni anunue miwani kwanza, kwani itafufua Biblia aliyo nayo, na itamsaidia pia kuchagua mchele na kusoma ujumbe wa simu. Biblia ya maandishi makubwa ifuate fedha ikipatikana, hasa kwa mwenye mahali pa kuiacha wazi. Kwa asiyejua kusoma, vyote viwili ni mapambo. Tuna bibi mmoja kikundini wa zaidi ya miaka sabini ambaye hakupelekwa shule. Tulipompa miwani aliivaa, akatabasamu, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akairudisha. Yeye anahitaji mtu wa kumsomea, na nimekubali kuwa huyo mtu kila Jumanne, saa kumi jioni, kwake.

Kikundi chetu kilichanga na kununua jozi sita za namba tofauti, tukazitia kwenye kopo la biskuti lenye kitambaa laini ndani, na kopo hilo ni mali ya kikundi kama ilivyo mikeka na sufuria. Alhamisi, kabla ya kufungua Neno, linazungushwa kwanza, na kila mmoja anachukua namba yake. Wiki iliyopita aliyesoma Ruthu sura ya kwanza, yote, aya 22 bila kukwama, ni mama muuza viazi wa Uyole ambaye nimekaa naye kwenye mkeka mmoja kwa miaka tisa, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake inaposoma.